Aliyeishika Ngazi

Mimi stelingi, shujaa wa picha, akifa kwa upanga sina neno naye. Akifa kwa risasi, akiangushwa jabalini na majambazi kumi, sawa, tutalia, tutapenga kamasi, tutarudi majumbani tumeridhika. Lakini stelingi aliyepigana tangu saa nane mpaka saa kumi na nusu, aliyeruka juu ya gari la moshi, aliyevunja mlango wa jela kwa bega lake, halafu afe kwa kuteleza? Hiyo si picha, hiyo ni jeuri. Aliyeitunga picha ile, wallahi, ningempata ningemuuliza kama alilelewa na watu.

Ndiye aliyenitia katika dhambi hii. Ah, si kweli. Nilijitia mwenyewe kwa ulimi wangu. Lakini niacheni nimlaumu kidogo kwanza.

Jina langu Zubeida. Niliolewa Likoni, Timbwani, lakini nimelelewa kisiwani, Makadara, ua mmoja na Wahindi, na Kihindi nakisikia kama ninavyosikia Kiswahili. Mwaka wa hamsini na nane, bwana mmoja wa hapa kwetu, Hamoud, mwenye duka la vyakula na godoni la magunia, alinunua mashine ya sinema kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Akatundika shuka ukutani, akaziba madirisha kwa magunia matupu, na kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri ikawa zamu ya wanawake. Wanaume marufuku, ila Hamoud mwenyewe, naye alikuwa nyuma ya pazia na mashine yake. Tatizo lilikuwa moja tu: picha zilikuwa za Kihindi, na wanawake wa Likoni hawakijui Kihindi. Ndipo nikaitwa mimi. Nikawa nakaa kitini kando ya shuka, mwiko mkononi, nawaonyesha nani ni nani na kuwaambia wanasema nini.

Nisiwafiche, nilikuwa hodari. Walikuja wanawake kutoka Mtongwe kwa miguu. Walikuja wengine kwa feri kutoka kisiwani, wakaziacha sinema za fahari zenye viti vya sufi, wakaja kukaa juu ya magunia ya mchele kwa ajili ya Zubeida. Maana wale wa kwenye picha wakinyamaza, mimi sinyamazi. Bibi harusi akitazama dirishani, nawaambia anawaza nini. Nikiona picha imepoa, naitia chumvi. Nani atajua? Mwenye Kihindi mle ndani nilikuwa mimi peke yangu, na Hamoud hakujali nasema nini maadamu magunia yamejaa watu.

Sasa niwaambie habari ya Barakat.

Shoga yangu Mwanabibi alikuwa jirani yangu mlango kwa mlango, na Barakat ndiye mumewe. Huyo alikuwa stelingi wetu sisi, tena wa kweli, si wa kwenye shuka. Alikwenda vita vya Bama kupigana na Wajapani, na jeshi la Keya la Waingereza, akarudi bila mkwaruzo. Alimuua chatu kwa jembe kule Mtongwe. Mwanamke mmoja alipotumbukia baina ya feri na gati, watu wakapiga kelele tu, na Barakat akajitupa na nguo zake na viatu vyake akamtoa. Watoto walikuwa wakigombania kumbebea kikapu akitoka sokoni. Hata mume wangu, mtu asiyejua kusifu, alikuwa akisema, "Barakat yule hafi leo wala kesho."

Akafa. Siku tatu kabla ya Idi ya kuchinja, mwaka wa hamsini na tisa, akafa kwa ngazi.

Alikuwa akipaka chokaa ukuta wa nyumba yake, yeye na sahibu yake Charo, fundi wa chokaa, mtu wa Rabai, aliyejuana naye huko huko vitani. Barakat juu, Charo chini ameishika ngazi. Ngazi yenyewe vidato tisa! Toka pale aliposimama mpaka chini ni kimo cha mtu. Charo akaiachia, ngazi ikateleza, Barakat akaanguka akapiga shingo kwenye ukingo wa baraza. Basi. Hakusema hata neno. Tulipofika mbio tulimkuta Charo amepiga magoti, amekishika kile kichwa, na Mwanabibi yuko mlangoni analia, vikombe vimevunjika miguuni pake na chai imemwagika. Charo akaulizwa imekuwaje.

"Niliiachia," akasema.

"Uliiachia kwa nini?"

"Niliiachia tu."

Hakuongeza lingine, siku ile wala siku za matanga.

Mtu aliyerudi Bama! Afe kwa chokaa! Mimi nilikasirika kuliko nilivyolia. Likoni nzima haikujua ilieleze vipi jambo lile. Mtu akifa vitani unasema amekufa vitani, akifa baharini unasema bahari imemchukua. Barakat ukiulizwa kafa na nini, unaona haya kujibu.

Mwanabibi akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Na kila Ijumaa Charo alikuwa akileta kikapu. Mara mihogo, mara madafu, mara maembe. Hasogei mlangoni, anakiweka barazani, anasema, "Hodi, ni Charo," kisha anakwenda zake. Mwanabibi akikichukua baadaye alinigawia na mimi. Hatukuona ubaya. Mtu aliyeachia ngazi atafanya nini tena, masikini, zaidi ya kuleta mihogo?

Eda ilipokwisha nikamwona shoga yangu amekwisha pia, amebaki macho. Nikamwambia, "Jumamosi twende sinema."

"Sinema, Zubeida? Watu watasema nini?"

"Watasema umetoka nje ukapata hewa. Jifunge buibui lako twende."

Nikamkalisha mbele kabisa, karibu na mwiko wangu, nimtazame. Sasa jueni jambo hili: zile picha za Hamoud zilikuwa zikija kwa feri Jumamosi asubuhi na kurudi jioni yake. Mimi sikuwahi kuiona picha kabla ya wenzangu. Nilifasiri papo kwa papo, kama inavyokuja.

Ikaja ile picha ninayoilaani. Stelingi kijana, mzuri wa sura, masharubu yamekaa. Amepigana na majambazi arubaini, nimewahesabu. Amefungwa jela, amevunja. Ameruka juu ya gari la moshi, mama wee, wanawake wakasimama juu ya magunia. Mwanabibi mwenyewe nilimwona akicheka, mara ya kwanza tangu msiba, nikajisifu moyoni. Mwisho adui amekufa, stelingi amerudi kwao, dada yake anaolewa. Ngoma zinapigwa. Stelingi akapanda ngazi kutundika taa ya harusi. Rafiki yake amesimama chini, amebeba sinia ya halua, anacheka naye.

Na ngazi ikateleza.

Nakwambia hata sikuamini macho yangu. Akaanguka chini, kimya, taa ikavunjika. Mzee mmoja kwenye picha akasema kwa Kihindi kwamba siku yake ilikuwa imefika. Basi, ndiyo maelezo hayo. Godoni zima likanyamaza, mashine tu inakereza. Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Amekufa? Kwa kuanguka? Mbona upuuzi?" Na mwingine, "Stelingi hafi hivyo, bwana! Zubeida, sema!"

Mimi nikamtazama Mwanabibi. Alikuwa ameuma leso yake kwa meno na anatazama ile ngazi kwenye shuka. Nikasema ndani ya moyo wangu, Zubeida, umemleta mjane wa watu kumwonyesha nini?

Mwiko ukainuka wenyewe. "Msilie!" nikapaza sauti. "Hakuanguka huyo! Ametupwa!"

"Ametupwa na nani?"

"Na rafiki yake! Hamkuliona goti lake? Ameitikisa ngazi kwa goti, fisadi yule, anamtaka mke wa mwenzake!"

Mungu ni shahidi wangu, nilitaka kuitenga picha ile na Barakat. Nilitaka shoga yangu aseme, ah, hii ni nyingine, hii ni ya mauaji, mume wangu mimi hakufa hivi. Hilo ni kweli. Lakini nisijitakase: nilitaka pia wanawake wangu wasinikasirikie. Na hawakunikasirikia. Walishusha pumzi godoni zima, wakaanza kumlaani yule rafiki kwa raha zao zote, "Mshenzi! Mla nduguye!" Kifo kimepata mwenyewe, wakawa na wa kumtukana.

Ukisha kusema uongo inabidi uende nao. Picha haikuwa imekwisha. Yule rafiki akatokea mlangoni kwa mjane, kichwa chini, na kikapu cha matunda. Akasema kwa Kihindi, nayasikia mpaka leo, "Dada, nisamehe, sikuwa na mikono ya kumdakia." Hivyo ndivyo alivyosema. Na mimi, kitini pangu, nikapiga mwiko kwenye goti nikasema, "Mwangalieni! Kamuua mume, sasa amjia mke na vikapu!"

Nilipolitamka neno vikapu, wanawake wawili mbele yangu wakageuka wakamtazama Mwanabibi. Kisha wengine watatu. Hapo nikajua nimefanya nini. Lakini picha ikaisha, Hamoud akafungua mlango, mwanga ukaingia, wakatoka wote wananong'ona.

Ilipofika magharibi Timbwani nzima ilikuwa na habari. Hakuna aliyesema Zubeida kasema. Walisema kila mmoja kwa akili yake: mbona Charo aliiachia ngazi? Mbona hasemi sababu? Mtu mzima, fundi, miaka yote anashika ngazi, aje aiachie siku ile? Na vikapu je, kila Ijumaa? Ijumaa iliyofuata kikapu kilipowekwa barazani, ndugu yake Barakat, Aidarus, mtu wa hasira za karibu, alikipiga teke mihogo ikatawanyika njiani, mbuzi wakaila. Akatangaza mbele ya watu kwamba Ijumaa ijayo baada ya sala itasomwa Halbadiri pale pale nyumbani, aliyemdhuru nduguye imshukie.

Asiyejua Halbadiri nimwambie: si kitu cha kufanyia mzaha. Husomwa kumwapiza mtenda ovu asiyejulikana, na wazee wetu wanasema kama uliyemdhania hana kosa, basi humrudia yule aliyezua. Mimi ndiye niliyezua. Nilikuwa naosha vyombo nikayasikia matangazo ya Aidarus, na sahani ikaniponyoka.

Mwanabibi nilimtafuta mara mbili wiki ile. Alijifungia, akasema kichwa kinamuuma.

Jumatano mchana Charo akaja uani kwangu. Alisimama mlangoni pa ua, akabisha kwa adabu kama siku zote. Alikuwa amekonda. Nilimpa kigoda akakataa.

"Bibi," akasema, "nimeambiwa wewe ndiye uliyeifasiri ile picha. Nataka unieleze. Yule mtu alifanyaje? Kwa goti?"

"Ya nini, Charo?"

"Mimi mwenyewe sijui tena, bibi. Nilikuwa najua vizuri siku ile nilivyofanya. Sasa watu wote wasema, na nikifumba macho naliona goti langu. Barakat nilimpenda kuliko ndugu zangu. Niambie, mtu aweza kumuua mwenzake na asijijue?"

Nikamwambia kweli yote, pale pale: kwamba hakukuwa na goti, hakukuwa na fisadi, stelingi aliteleza tu, na mimi ndiye niliyesema uongo kwa mdomo wangu huu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Basi utawaambia?" akauliza.

"Nitawaambia. Ijumaa kabla hawajasoma, nitasema mbele ya wote. Inshallah."

"Nitasimama njiani nisikie," akasema, akaenda zake.

Ijumaa ikafika. Wanaume walijaa ukumbini, sisi wanawake tuko chumba cha ndani nyuma ya pazia, ubani unafuka. Mwanabibi alikuwa kando yangu, na alikuwa akitetemeka mwili mzima, tukamfunika leso mbili, wanawake wakisema, masikini, uchungu wa mume. Kwa tundu la dirisha nilimwona Charo. Alikuwa ng'ambo ya njia, juani, ngazi yake imeegemea bega.

Mwalimu aliyeitwa kusoma akasema, "Mwenye neno na aseme sasa, kabla hatujafungua."

Nilikuwa nalo. Lilikuwa kooni. Nikawatazama wale wanawake, wote wateja wangu, wote walionisifu, wote waliovuka na feri kunisikiliza. Nikafikiri watasema nini: kumbe Zubeida hutuzulia, kumbe siku zote tunalishwa uongo. Nikafikiri mume wangu yuko ukumbini na wenzake. Nikafikiri kile kiti na ule mwiko. Mambo madogo hayo, nayasema leo naona haya, lakini siku ile yalikuwa makubwa kuliko mtu aliyesimama juani.

Nikakohoa. Ndilo neno nililolitoa, kikohozi.

Mwalimu akafungua. Walipoitikia amina ya kwanza nikachungulia tena dirishani. Charo alijitwika ngazi yake, akashika njia ya kwenda kwenye feri. Hakugeuka nyuma. Watu wakasema, mnaona? Amekimbia Halbadiri.

Haikunishukia. Nilingoja. Jino likiniuma nikasema ndiyo hii. Mtoto akipata homa nikakesha namkandakanda na kuomba toba. Hapana, nilinenepa. Na Jumamosi iliyofuata, wallahi msinitazame hivyo, nilirudi kwenye kiti changu na mwiko wangu nikafasiri picha nyingine, na godoni lilijaa. Hamoud aliuza mashine yake mwaka wa sitini na mbili, basi yakaisha. Charo tulisikia yuko Changamwe, anapaka majumba ya watu. Hakukanyaga Likoni tena.

Ikaja Desemba ya sitini na tatu. Wanaume barazani walikuwa hawali hawalali, ni Mwambao huu ubaki wa Sultani au uingie Kenya, na bendera ipi itapanda ipi itashuka. Sisi wanawake tulikuwa na kazi nyingine, maana Uhuru ni sikukuu, na nyumba lazima ing'ae. Kila ukuta wa Timbwani ukawa unapakwa chokaa. Ukuta wa Mwanabibi peke yake haukupakwa, tangu siku ile. Nusu mweupe, nusu umekwajuka, na mstari pale brashi ilipoishia.

Nilikwenda kwake asubuhi moja nikamkuta amesimama anautazama. Nikamwambia nitamtafutia fundi.

"Fundi nimjuaye ni mmoja," akasema.

Hapo nikashindwa. Miaka minne nimelimeza. Nikakaa chini barazani, pale pale, nikamwambia yote: picha ile, goti lile, yale maneno ya kweli ya yule rafiki kwamba hakuwa na mikono ya kumdakia, Charo alivyokuja uani kwangu, ahadi niliyompa, kikohozi nilichokohoa. Nililia mpaka nikakosa pumzi. "Nimemfukuza mtu mwema," nikasema, "na wewe nimekutia chuki ya bure. Ukitaka kunipiga nipige, Mwanabibi."

Hakunipiga. Akasema, "Zubeida, mimi si kipofu. Yule mtu alikuwa na sinia mikono miwili. Nani ataitikisa ngazi kwa goti na halua isimwagike hata kipande?"

"Ulijua?"

"Palepale."

"Na ukawaacha waseme? Ukawaacha wasome?"

Akakaa kando yangu. Alikuwa mkavu wa macho, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi ndiye niliyemwita," akasema. "Siku ile niliwapikia chai. Nilikuwa na leso moja tu mwilini na kichwa wazi, siwezi kutoka mbele ya mwanamume. Nikasimama nyuma ya mlango na sinia nikaita, Charo, njoo upokee. Akasema, ngoja bibi, bwana yuko juu. Nikamwambia njoo sasa, chai inapoa, mikono yaniungua. Nilimkemea, Zubeida. Akaja. Sinia ilikuwa mikononi mwake tuliposikia ile ngazi. Vile vikombe ni yeye aliyeviangusha, si mimi."

Niligeuka nikautazama ule mstari wa chokaa ukutani.

"Chai inapoa," akasema tena. "Ndicho alichofia Barakat. Nikajua Charo atasema, na watu wataniuliza mimi. Hakusema. Kila Ijumaa naisikia hodi yake, nangoja atasema leo. Halafu ukaja wewe na mwiko wako, ukanipatia mtu. Nilisema alhamdulillahi, Zubeida, nilisema hivyo kwa ulimi wangu. Unadhani siku ya Halbadiri nilikuwa natetemeka kwa nini? Nilikuwa naingojea inishukie."

"Na mimi nilikuwa naingojea," nikasema.

Tulikuwa tumekaa bega kwa bega siku ile, sisi wawili, tumefunikwa leso, na mtu asiye na kosa yuko nje juani.

Siku ya pili yake tukavuka feri, tukapanda basi mpaka Changamwe. Tuliuliza, tukaonyeshwa. Alikuwa akipaka ukuta wa shule, peke yake, ngazi ameikita kwa mawe mawili makubwa na kuifunga kamba kwenye mlingoti wa bendera. Nywele zimeingia mvi. Alituona tukija akatujua hata ndani ya mabuibui yetu, lakini hakushuka.

"Shikamoo, mabibi," akasema. "Za Likoni?"

Mwanabibi akaufunua uso wake wote. Mwanamke aliyekuwa hawezi kutoka mlangoni kichwa wazi, akaufunua uso njiani, watu wanapita. "Charo," akasema, "siku ile mimi ndiye niliyekuita. Wajua, na mimi najua. Nimekuja kwenda nawe Likoni tukaseme mbele ya watu."

Charo alichovya brashi kwenye debe. Akaitikisa tone likadondoka.

"Hukuniita, bibi."

"Nilikuita! Nilikuambia chai inapoa!"

"Mimi sikumbuki chai," akasema. "Niliiachia tu."

"Charo, usinifanyie hivyo. Usinibebee."

"Niliiachia tu, bibi. Yamekwisha."

Mwanabibi akaanza kulia, kilio kile ambacho miaka minne sikuwa nimekisikia kwake. Mimi nikasogea chini ya ngazi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, mimi mwenye maneno, na yote yakapotea.

"Charo, na mimi nilikuahidi nikakohoa," nikasema. "Nisamehe."

Alinitazama kidogo kutoka juu. "Siku ile jua lilikuwa kali," akasema. Ndilo tu. Kisha akageukia ukuta wake.

Nikauliza, maana sikujua niulize nini, "Nikushikie ngazi?"

"La, ahsante, bibi. Siku hizi simshikishi mtu."

Akaendelea kupaka. Chokaa ilitudondokea kwenye mabuibui, hatukujipangusa. Tukasimama pale sisi wawili, hatukuondoka mpaka alipokanyaga chini.